Mwaka wa pili Dodoma, kanisani bado ni mgeni

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili, mtumishi wa umma. Nilihamishiwa Dodoma mwaka juzi, ofisi yetu iko Mtumba kwenye Mji wa Serikali, nami nimepanga Ilazo. Mume wangu amebaki Dar es Salaam, ana duka Kariakoo na biashara yenyewe si ya kubeba kwenye begi. Huku niko na watoto na dada wa kazi. Tangu treni ya umeme ianze tunamshukuru Mungu, tunaonana. Ijumaa nikitoka kazini nabeba watoto tunashuka Dar, Jumapili tunarudi. Siyo kila wiki, ila mara nyingi.

Shida yangu ni kanisani. Nimezaliwa Mkatoliki, nimekulia Ukatoliki. Tulipokuwa Tabata, Dar, watu wa jumuiya, yaani kikundi chetu cha sala cha mtaa, walikuwa ndugu zangu kabisa. Nilipojifungua mtoto wa pili akina mama waliniletea mtori kwa zamu mpaka nikawaomba wapumzike. Nilikuwa katibu wa jumuiya, nilikuwa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, kwenye kwaya naimba sauti ya pili. Huku nikiwepo nasali misa ya kwanza. Nakaa mabenchi ya nyuma kwa sababu ya mdogo, naimba, nakomunika, wakati wa amani nawapa mkono wa kulia na wa kushoto. Misa ikiisha watu wanasimama nje makundi makundi wanacheka, mimi natafuta bajaji.

Usiseme sijajaribu. Jumuiya nilienda. Wanakutana Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Nilipofika rozari ilishaanza, nikapewa stuli. Mwishoni mwenyekiti akasema tuna mgeni, asimame ajitambulishe. Nikasimama nikataja jina, natoka Dar, nafanya kazi wizarani. Wakanipigia makofi. Hapohapo katibu akafungua daftari akanisomea michango: ukarabati wa nyumba ya mapadre, mavuno, mfuko wa rambirambi, zawadi ya padre anayetimiza miaka 25. Tunatawanyika, akina mama wawili wakawa wanaongea Kigogo huku wananitazama. Nimerudi mara chache baada ya hapo, hali ni ileile. Wameniunga kwenye kundi la WhatsApp ambalo lina misiba, michango na "Amina".

Kilichonivunja moyo ni mwezi wa nne. Mdogo alishikwa na nimonia tukalazwa. Kitanda cha pili alikuwepo mama mwingine na mwanaye, na kila jioni walikuja wenzake wa jumuiya. Mmoja kabeba chupa ya uji, mwingine anamshikia mtoto ili mama aende kuoga, mwingine amekaa ukingoni mwa kitanda anamfumua nywele zilizokuwa zimechakaa. Siku moja yule wa uji akanimiminia na mimi, kwenye kifuniko cha chupa, akaniuliza, "Na wewe wenzako wako wapi?" Shangazi, nilikunywa ule uji machozi yananitoka. Nilipotoka hospitali nikamweleza mwenyekiti wetu. Akanijibu, "Sasa mama, ungesema." Basi.

Jirani yangu anasali kanisa moja la kiroho hapa karibu. Alinialika ibada ya katikati ya wiki nikaenda. Mlangoni nilikumbatiwa, wakachukua namba yangu, kesho yake nikapigiwa simu kuulizwa mtoto anaendeleaje, na jina lake wanalo. Mume wangu anasema mtu hahami kanisa kwa sababu ya simu. Mimi naona simu moja imezidi mwaka mzima wa benchi la nyuma.

Nihame? Au kuna namna ya kuanza upya mahali ambapo kila mtu tayari ana watu wake? Na nikirudi jumuiya, siku wakija kusali kwangu nipike nini? Hilo naona hata aibu kumuuliza mtu.

Mama wa Wawili, Ilazo

* * *

Marahaba mwanangu. Mdogo anaendeleaje? Nauliza kwa sababu hukusema, na barua yako nimeisoma nikimtafuta yeye hadi mwisho.

Nianze na wodini. Yule mama wa uji hakukusimanga. Wodini ni swali la kawaida, kila mtu anamuuliza mwenzake, na aliyekuuliza ndiye huyohuyo aliyekumiminia. Ila jiulize wale akina mama walijuaje kwamba mwenzao amelazwa. Padre hakutangaza. Kuna mtu mmoja, jirani wa mlango wa tatu au wa nne, aliyeona geti limefungwa siku mbili, au aliyekuwa amepanga kwenda naye mahali asimwone, akapiga simu. Akamwambia mwenyekiti, mwenyekiti akaweka kwenye kundi, wakagawana zamu. Kwako wewe hakukuwa na wa kupiga simu ya kwanza. Kundi la WhatsApp unalo, mwenyekiti unaye, daftari la michango lina jina lako. Kilichokosekana ni mtu mmoja wa Ilazo ambaye angeshtuka.

Kwa hiyo lengo lako lipunguze. Hutafuti parokia nzima ikujue, na hata wanaosimama nje wakicheka baada ya misa hawajui nusu ya waliokuwa ndani. Unatafuta watu watatu ambao wakikukosa watauliza. Hao wanapatikana, na hawachukui miaka.

Jibu la mwenyekiti lilikuwa kavu. Alitakiwa aanze na pole, aje siku hiyohiyo na angalau sabuni na sukari, halafu ndipo aseme ungesema. Lakini mwanangu, kweli ungesema. Uliona aibu kuandika kwenye kundi la watu usiowajua, "Jamani mtoto wangu amelazwa, naomba mtuombee," na aibu hiyo naielewa kabisa. Wenzako wa Tabata hukuwahi kuwaambia chochote, walikuwa wanajua tu. Huku bado hawajui. Mpaka wajue, itabidi useme.

Sasa treni. Umeitaja kwa kupita, ukashukuru Mungu, ukaendelea na mengine. Mimi nilisimama hapo. Jumuiya yenu inakutana Jumamosi alfajiri. Jumamosi alfajiri wewe uko Dar na mume wako, na ni haki yako, ndoa haiendeshwi kwa simu. Lakini watu wa jumuiya hawamjui mumeo wala duka lake. Wanachokijua ni kwamba kuna mama wa wizarani alikuja, akajitambulisha, akapotea, akatokea tena, akapotea.

Na Dodoma wana uzoefu wa watu wa namna hiyo. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu pale ni wa mwaka 1973, na kwa miongo kadhaa baada ya hapo watumishi walikuwa wanakuja na begi la wiki moja, mwili Dodoma, nyumba Dar. Hata baada ya msukumo wa mwaka 2016 wizara zilipohama kweli, wapo waliohamisha meza tu. Mwenyeji akishamkaribisha mtu wa hivyo mara mbili tatu, akamzoea, halafu akasikia karudi zake Dar bila kuaga, safari nyingine anapunguza. Si chuki. Amechoka kuzoea watu wanaoondoka.

Nashauri treni iende upande wa pili. Wikendi mbili kwa mwezi baba watoto apande yeye. Piga hesabu: tiketi ya daraja la kawaida ilianza kwa shilingi 31,000. Yeye anakata moja, wewe unakata yako, ya watoto, na ya dada ukiwa naye, kwenda na kurudi. Zamani za basi la siku nzima barabarani ningesita kumwambia mfanyabiashara aache duka, lakini safari ya takriban saa nne anaimudu. Afunge Jumamosi mapema au amwachie kijana, Jumapili usiku yuko kwake. Akija Ijumaa usiku, Jumamosi alfajiri mwende naye jumuiya.

Hilo la kwenda naye nalisisitiza kwa sababu mbili, ya pili haipendezi. Ya kwanza, wanaume jumuiya ni wachache, akitokea mmoja anayekubali kusoma somo au kubeba benchi watamng'ang'ania, na kupitia yeye watakujua wewe. Ya pili, mama mgeni mwenye watoto wawili na kazi nzuri, ambaye mumewe hajawahi kuonekana, anaongelewa. Hukuniuliza na si haki, lakini nisipokuambia mimi nani atakuambia? Wakimwona mara moja tu ameshika kitabu cha nyimbo pembeni yako, maneno hayo yanakwisha.

Lakini usingoje wikendi zipangike. Mwezi wa kumi unakuja, na wewe mtu wa jumuiya unajua mwezi wa kumi ni nini: rozari kila jioni, nyumba kwa nyumba, sanamu ya Bikira Maria inalala hapa leo, kesho inapelekwa kwa jirani kwa wimbo. Jioni za katikati ya wiki uko Dodoma! Hakuna treni hapo, hakuna kisingizio. Ndani ya mwezi mmoja utaingia sebuleni kwa karibu kila familia ya jumuiya yako, utajua nani ana mgonjwa wa muda mrefu, nani anauza maziwa, mtoto wa nani anasoma darasa moja na wako. Jumamosi za mwaka mzima hazikupi hilo. Na giza likiingia, kuna wa kutembea naye kurudi nyumbani, na mazungumzo ya njiani ndiyo yanayozaa urafiki kuliko sala yenyewe, Mungu anisamehe. Andikisha nyumba yako mapema, kabla tarehe hazijagawanywa, na uchague siku ya wiki ya kwanza. Wakishaingia kwako, wakaona watoto, wakajua geti lako ni lipi, umeacha kuwa "yule mama wa wizara".

Kuhusu wale wawili wa Kigogo, usijipe tafsiri. Watu wakiongea lugha yao nyumbani kwao hawakuvunjii heshima, na mgeni akiingia lazima watu wamtazame, watatazama nini kingine? Huenda walikuwa wanaulizana umepanga nyumba ya nani. Wiki ijayo wewe uwatangulie: "Mbukwenyi!" Itikio lake watakufundisha wao, na Wagogo salamu hawaifupishi, utaulizwa habari za nyumbani, za watoto, za kazi, tulia ujibu zote. Ukiwa na haraka ya Dar hapo utaharibu.

Tena usidhani wote unaowaona wamejikita ni wenyeji. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 Dodoma mjini, ya 2022 ikahesabu 765,179. Hao waliozidi hawakuzaliwa wote pale. Ilazo, Kisasa, Nzuguni, Iyumbu, viwanja vingi vya huko vina watu waliokuja na lori la vyombo kama wewe. Yule mama anayecheka kwa sauti nje ya kanisa huenda alifika 2017 akalia miezi sita. Muulize. Swali la "Na wewe ulikuja lini huku?" lina majibu marefu, na mtu akishakusimulia alivyohangaika kutafuta nyumba Dodoma hawezi tena kukupita bila salamu.

Turudi kwenye jumuiya, maana nimeona umeilinganisha na misa. Misa ya Jumapili haikupangwa ili watu wajuane, na misa ya kwanza ndiyo kabisa, kila mtu anawahi kupika au kufungua biashara. Maaskofu Wakatoliki wa ukanda wetu wa Afrika Mashariki, katika umoja wao wa AMECEA, walipokaa mwaka 1973, na tena 1976, wakaweka mkazo kwenye jumuiya ndogondogo kwa sababu hiyo: parokia zimekuwa kubwa, mapadre wachache, Mkristo anakufa jirani yake hajui. Ndiyo maana jumuiya inafuata mtaa. Wapo wanaohamia Dodoma wakatafuta jumuiya yenye watu wa kabila lao au wa ofisi yao, hata kama iko mbali. Usifanye hivyo. Mtoto akibanwa kifua saa nane usiku, mtu wa Mtumba uliyekaa naye ofisini hakufai kitu. Atakufaa wa nyumba ya tatu.

Swali moja: ulikuja na barua? Hujataja popote kama ulichukua utambulisho kutoka jumuiya ya Tabata, ukapigwa muhuri parokiani, ukaufikisha ofisi ya parokia ya huku. Nina wasiwasi hukuchukua, kwa vile kila wikendi ulikuwa unarudi ukaona bado uko. Kama ndivyo, kwenye vitabu wewe bado ni muumini wa Tabata na zaka yako iko huko. Ukishuka Dar safari ijayo chukua barua hiyo, ipeleke kwa mkono wako kwa mwenyekiti kabla ya ofisini. Ni karatasi, lakini mwenyekiti akiipokea anajua huyu ameamua. Na itakusaidia, kwa sababu mkubwa akifikia komunyo ya kwanza saini ya jumuiya itatakiwa, na hutaki siku hiyo mwenyekiti aanze kukuuliza wewe ni nani.

Halafu kuna kazi. Kila jumuiya ina zamu ya usafi wa kanisa, mara nyingi Jumamosi mchana. Wengi wanaikwepa, watumishi hasa, wanatuma dada wa kazi au elfu tano. Wewe nenda mwenyewe, na kanga kiunoni na ndoo yako. Nimeona urafiki mwingi wa kanisani ukianzia pale, wawili wanashika benchi refu upande huu na upande huu, mmoja anasema vuta kwako, mwingine anasema ngoja nipumue, mgongo wangu tangu nijifungue, na hapo tayari mna mada. Dodoma maji yenyewe ya kuhesabu, mtapangiana nani aje na dumu ngapi. Hakuna anayekuuliza cheo ukiwa umeinama unadeki chini ya altare.

Jambo moja litoe mdomoni: "Kwetu Tabata tulikuwa tunafanya hivi." Najua mlifanya vizuri. Lakini mgeni akilisema mara mbili wenyeji wanaanza kumwita Tabata.

Na uongozi usiupokee mwaka huu. Watakuletea daftari la ukatibu, nakuambia, kwa sababu una mwandiko mzuri na unaweza kuchapa barua ofisini. Wewe uliwahi kuwa katibu, utaona ndiyo njia ya kuingia. Si njia. Katibu mpya asiyejulikana anafahamika kwa kitu kimoja tu, kudai michango. Wewe mwenyewe umenieleza ulivyojisikia ulivyosomewa orodha asubuhi ya kwanza. Unataka kuwa mtu huyo kwa wengine? Kwaya nayo iache kidogo. Mazoezi ni jioni, karibu kila jioni sikukuu zikikaribia, na watoto wako bado wadogo, baba yao hayupo. WAWATA sawa, umeshakuwa mwanachama, na tangu mwaka 1972 umoja huo upo nchi nzima, hutaanza kufundishwa. Nenda kwenye vikao vya parokia, kaa, sikiliza. Sare ya huko usikimbilie kushona kabla hujajua wanavaa ipi na lini.

Mkubwa mpeleke Utoto Mtakatifu, kile chama cha watoto parokiani, kama umri wake unaruhusu. Hapo naomba uwe mjanja: usimwache getini ukaondoka. Baki na wazazi wengine wanaosubiri. Watoto wakizoeana wao ndio watakaokudai, "Mama, twende kwa kina fulani," na mama wa kina fulani atakuwa amekaa mlangoni kwake, na utakaa.

Pia omba vitu. Wewe umezoea kutoa, naliona katika barua nzima, na watu wa kutoa ndio wanaochelewa kupata marafiki kwa sababu hakuna anayejua wanahitaji nini. Azima sufuria kubwa. Uliza fundi bomba mwaminifu ni nani, mlenda mzuri unauzwa wapi, nani anajua dada anayetafuta kazi. Aliyekusaidia kitu kidogo atakufuatilia ajue kiliishia wapi.

Ila fedha weka mpaka. Ukitaja wizara mbele ya watu wasiokujua, kuna wachache watakaokuona mfuko. Toa michango ya kawaida ya jumuiya bila kuchelewa, ile mingine sema wazi, "Hii nitaweza nusu," na usieleze sababu. Usimdhamini mtu mkopo, hasa hii ya riba kubwa wanayoiita kausha damu, hata akilia. Kikoba cha akina mama ni kizuri lakini kingoje mwaka upite, ujue nani anarejesha na nani anahama mtaa. Nimeona watu wakikimbia kanisa kwa deni la mtu mwingine, na hao hawarudi.

Kuhusu kuhama. Mumeo amesema mtu hahami kwa simu na ana hoja, lakini asiidharau simu hiyo. Kanisa la jirani yako wamefanya jambo ambalo wenyeviti wetu wengi wameshindwa: wamempa mtu mmoja jukumu la mgeni, akapiga. Mwenyekiti wa jumuiya unayesoma hapa, naomba nikusimamishe kidogo. Kumwinua mgeni, kumpigia makofi na kumkalisha si kumpokea. Wenye haya wanaumia, na akishakaa mmemaliza naye. Na daftari la michango asubuhi ya kwanza, jamani! Chagua familia mbili za jirani yake, wapite kwake ndani ya wiki hiyohiyo, waone anapoishi, wachukue namba ya mtu wake wa karibu. Haihitaji kikao cha kamati tendaji.

Mwanangu, kama mafundisho ya kule yamekugusa, hilo ni la wewe, mumeo na paroko kuzungumza kwa utulivu, na mimi sitalijibu kwa aya moja. Lakini hukuandika neno hata moja kuhusu mafundisho yao. Umeandika kuhusu mlango na simu. Anayepokea wageni mlangoni wiki ijayo atapokea wengine, wewe utaambiwa ujiunge na seli, kikundi chao cha mtaa wako, na ndani ya hiyo seli utakuta watu ambao tayari wana watu wao. Kazi itakuwa ileile, na huko utaianza na mume ambaye hamjakubaliana. Jipe mpaka Pasaka. Na huyo jirani usimwache hata kidogo. Yeye aliona unahitaji kutoka ndani, akakualika. Kati ya wale watatu niliosema, mmoja unaye tayari, haijalishi anasali wapi. Mpe ufunguo wako wa akiba.

Umeuliza upike nini. Rozari ya mwezi wa kumi usipike kitu, maji ya kunywa yanatosha, watu wanawahi nyumbani. Jumamosi asubuhi, chai ya rangi na mihogo ya kuchemsha, au maandazi ya kununua kama hukupata usingizi. Stuli na viti azima kwa jirani jana yake, mkeka uwe safi, watoto wawe wameshanawa. Usipike pilau. Najua unaweza, na najua unataka waone kwamba umewathamini, lakini wiki inayofuata zamu ni ya mama mwingine ambaye pengine anauza mboga, na akikumbuka pilau lako atatuma ujumbe kwamba anaumwa.